Kahawa ya uyoga na sindano ya mama: jibu kwa dada wa Morogoro

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 61, yuko Morogoro, ana sukari mwaka wa tisa sasa na anachoma insulini asubuhi na jioni, pia anameza dawa ya presha na ya mafuta kwenye damu. Kuna mama mmoja wanasali wote kamletea kahawa ya uyoga mwekundu na vidonge vya bakteria wazuri wa tumbo, kamwambia vimefanyiwa utafiti Japani na vinatibu sukari, vidonda vya tumbo mpaka kansa, na akifikisha miezi miwili aache sindano. Mama ameshaanza kuruka sindano ya jioni. Huu uyoga una utafiti kweli au ni utapeli? Mi mwenyewe nalima uyoga wa mamama nyuma ya nyumba na wateja wananiuliza hayo hayo."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana na hekaheka za mama. Nianze na la haraka halafu ndo tuongee kwa urefu. Leo jioni mama achome sindano yake kama kawaida. Usisubiri umalize kusoma hapa, mpigie simu saizi, apime sukari kwanza, achome dozi yake ile ile aliyoandikiwa na asiongeze kufidia zile alizoruka maana sukari ikishuka ghafla nayo inaua. Na kama imepanda sana, au anakojoa mno, kiu haiishi, anatapika, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, hapo hamna kusubiri kliniki ya mwezi ujao, aende hospitali leo leo. Nimeshapokea wagonjwa wanaletwa wamelegea hawajitambui, ukiuliza ndugu wanakwambia aliacha dawa kwa sababu alikuwa anajisikia vizuri. Sukari ndo ilivyo, inapanda polepole na mwenyewe anajiona mzima.

Sasa swali lako. Utafiti upo, tena mwingi, na mimi naupenda sana kwa sababu ndo kitu nilichosomea, vijidudu na dawa zinazotoka kwao. Tatizo ni kwamba yule mama wa kanisani, pengine kwa nia njema kabisa, kachukua sifa za utafiti wa kweli akazipa pakiti ambayo haikuhusika na utafiti huo.

Kuna jambo natamani mama alijue kabla ya mengine yote. Ile insulini yake yenyewe inatengenezwa na bakteria au na kuvu. Zamani insulini ilikuwa inatolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe wa machinjioni, halafu mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani wakaingiza jeni ya insulini ya binadamu ndani ya bakteria anayeitwa E. koli, ndugu wa hawa hawa wanaoishi kwenye utumbo wetu, yule bakteria akaanza kutengeneza insulini ya binadamu kana kwamba ni kazi yake ya kuzaliwa, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kutumiwa na wagonjwa. Viwanda vingine vinatumia hamira badala ya bakteria, na hamira ni kuvu, ukoo mmoja na uyoga wako, tena ni aina ile ile inayoumua maandazi. Mwonyeshe mama, yeye si anapika: aweke kijiko cha hamira kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, akiache dakika kumi, aangalie povu linavyopanda na anuse ile harufu. Hao ni viumbe hai, wanakula sukari wanatoa gesi. Ndugu zao wakiwa kwenye matangi makubwa ya kiwandani, wamepewa ile jeni, wanatoa insulini, inasafishwa, inapimwa yuniti kwa yuniti, ndo inaingia kwenye kichupa anachokiweka kwenye friji au kwenye mtungi wa maji.

Kwa hiyo mama akiruka sindano ili anywe uyoga, anaacha dawa ya bakteria au kuvu iliyopimwa anakwenda kwenye kuvu ambayo haijapimwa. Mwambie hivyo hivyo.

Na si insulini peke yake. Ile dawa ya mafuta kwenye damu, angalia jina lake, karibu zote zinaishia na "statini". Hizo zilianzia kwa Mjapani mmoja, Akira Endo, aliyekuwa kwenye kampuni ya Sankyo. Alichunguza aina zaidi ya 6,000 za kuvu akitafuta inayoweza kuzuia mwili kutengeneza kolesteroli, na mwaka 1973 akaipata kwenye kuvu ya rangi ya bluu na kijani, jamaa wa ule ukungu unaouona kwenye mkate uliokaa au limau lililooza. Baadaye ikapatikana nyingine kwenye kuvu tofauti, lovastatini, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1987. Na hapa utafurahi kama mkulima, uyoga wa mamama nao una lovastatini ndani yake. Ni kweli kabisa. Ila kiasi chake ni kidogo na kinabadilika mno kutegemea mbegu, mabua uliyotumia, umevuna mdogo au mkubwa, kwa hiyo huwezi kumwambia mtu ale sahani moja badala ya kidonge chake.

Hapo kwenye kiasi ndo penye ishu yenyewe, na kuna kisa kimoja huwa nakisimulia kila nikiulizwa habari hizi. Penisilini wengi tunaijua, ile antibayotiki, mwanasayansi Fleming aliona ukungu umeua bakteria kwenye kisahani chake London mwaka 1928. Lakini miaka zaidi ya kumi ilipita hamna mgonjwa anayetibiwa nayo kwa maana. Mwaka 1941 kule Oxford wakampa askari polisi mmoja aliyekuwa anakufa na usaha mwilini, akaanza kupona, homa ikashuka, akawa anakula. Dawa ikaisha. Walikuwa wanakusanya mkojo wake wanachuja penisilini iliyotoka wamrudishie tena, bado haikutosha, ugonjwa ukarudi akafariki. Unaona sasa, kuvu ilikuwa ya kweli, dawa ilikuwa ya kweli, na mtu alikufa kwa sababu kiasi hakikutosha. Ndo wakahangaika kutafuta kuvu inayotoa nyingi zaidi, wakaja kuipata kwenye tikiti lililooza kwenye mji wa Peoria Marekani mwaka 1943. Kwa hiyo mtu akikwambia "ndani ya hii pakiti kuna kitu kinachotibu", swali la kumuuliza ni kitu gani, kiasi gani, na watu wangapi walipewa wakalinganishwa na wasiopewa.

Bakteria wa udongoni nao wametusaidia sana huku kwetu pengine kuliko hata uyoga. Ukichimba shamba baada ya mvua ya kwanza ile harufu nzuri ya udongo inayopanda, sehemu kubwa inatoka kwa bakteria wa kundi la Streptomisesi. Hao hao mwaka 1943 ndo walitoa streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibayotiki kuiweza TB. Halafu ikaja rifampisini, asili yake bakteria wa udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa, na majaribio yaliyoonyesha kwamba TB inaweza kutibiwa miezi sita badala ya mwaka na nusu yalifanyika kwenye hospitali zetu za Afrika Mashariki, matokeo yakaanza kutoka mwaka 1972. Wazee wetu walichomwa zile sindano dunia nzima ikajifunza kwao, jambo hili linanigusa kila nikilifikiria. Na zile dawa za matende na mabusha na za usubi zinazogawiwa bure vijijini, yule mgawa dawa anakuja na fimbo ya kupimia urefu anakusimamisha anahesabu vidonge, mojawapo ni ivermektini, imetokana na bakteria aliyeokotwa na Satoshi Omura kwenye udongo karibu na uwanja wa gofu huko Japani. Alipewa tuzo ya Nobeli mwaka 2015 pamoja na William Campbell. Ile fimbo ni ya dozi, hata dawa ya kugawa kijijini haigawiwi kwa kukadiria macho tu.

Haya turudi kwenye "utafiti wa Japani" wa yule mama, maana nao upo. Kuna uyoga unaitwa shiitake, ndani yake walitoa kitu kinaitwa lentinani, na mwaka 1985 Japani ikakiruhusu kwa wagonjwa wa kansa ya tumbo. Kwa namna gani sasa? Kimesafishwa, kinachomwa kwenye mshipa, hospitalini, pamoja na dawa zenyewe za kansa. Kuna kingine, Krestini, kilitolewa kwenye uyoga mwembamba wenye mistari ya rangi unaoota kwenye magogo, kiliruhusiwa mwaka 1977, nacho kilitumika kusindikiza matibabu ya kansa. Neno ni hilo, kusindikiza. Hamna kati ya hivyo kilichoruhusiwa ili mgonjwa aache matibabu anywe kahawa.

Huo mwekundu wake sasa, ganoderma, Wachina wanauita lingzhi na Wajapani reishi, ni mgumu kama ubao hauliki, unasagwa au unachemshwa. Ndani yake kuna sukari ndefu zinaitwa beta-glukani ambazo kwenye maabara zinaamsha chembe za kinga, na ukisoma majaribio ya panya utatamani kununua gunia zima. Lakini kwa watu mambo yanapoa. Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote ya watu na kuyapima ubora, waliangalia ganoderma kwa wenye sukari ya ukubwani mwaka 2015, wakapata majaribio matano yenye watu 398 kwa jumla, na ushahidi haukuunga mkono kuutumia kwa hao wagonjwa. Kwenye kansa walirudia uchambuzi mwaka 2016, majaribio matano tena, watu 373, wakasema hautoshi kuwa tiba ya kwanza, ila waliotumia pamoja na matibabu ya hospitali kulikuwa na dalili za kuitikia vizuri zaidi, na majaribio yenyewe yalikuwa madogo na yenye kasoro. Kwa hiyo mi sisemi ni uchafu, nasema kwa ugonjwa wa mama haujaonyesha kazi.

Alafu kuna madhara ambayo hawayasemi. Geuza hiyo pakiti usome yale maandishi madogo nyuma, viungo vinaandikwa kuanzia kilicho kingi. Mgonjwa wangu mmoja aliniletea ya kwake, cha kwanza sukari, cha pili krimu ya unga, cha tatu kahawa, uyoga uko mwishoni. Mwenye kisukari alikuwa anakunywa vikombe vitatu kwa siku vya hiyo kitu akiamini inamshusha sukari! Na ule unga mtupu au kapsuli nao si salama kwa kila mtu, unaweza kuongeza kutoka damu kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kuna wagonjwa Hong Kong na Thailand ini lao liliumia baada ya kutumia unga wa lingzhi, mmoja wa Thailand alifariki. Ni wachache, ila wapo. Kingine, katika nchi mbalimbali bidhaa za "asili za sukari" zikipimwa kuna zinazokutwa zimechanganywa dawa za kisukari za dukani bila kuandikwa, ndo maana wengine wanaona sukari imeshuka wiki ya kwanza wanashangilia. Mtu akitumia hiyo na insulini juu anaweza kuanguka jikoni peke yake. Na bidhaa kuwa na namba ya usajili kama chakula haina maana imethibitishwa kutibu, hivyo ni vitu viwili.

Kwa vile vidonge vya bakteria nimetulia zaidi kidogo. Probayotiki, yaani hao bakteria wazuri wa kumeza, zina kazi zinazojulikana, hasa kupunguza kuharisha kunakotokana na antibayotiki. Ila bakteria hawafanani, ni sawa na kusema "mbwa", kuna wa kulinda na kuna wa kung'ata, kwa hiyo pakiti nzuri inataja jina kamili mpaka herufi za mwisho na idadi ya walio hai. Kama imeandikwa "bakteria rafiki" basi, na imekaa dirishani juani miezi sita, wengi pengine wameshakufa. Sukari hawatibu. Na vidonda vya tumbo vingi vinaletwa na bakteria mwingine kabisa, H. pylori, ambaye daktari Barry Marshall wa Australia alimnywa mwenyewe mwaka 1984 kuta za tumbo lake zikavimba kwa ndani ndo watu wakaanza kumwelewa, akaja kupata Nobeli na mwenzake Warren mwaka 2005. Mama kama tumbo linamsumbua apimwe huyo bakteria. Akikutwa naye anapewa dawa ya kupunguza asidi na antibayotiki mbili, mara nyingi amoksilini, ambayo asili yake ni ile ile kuvu ya penisilini, na klarithromaisini, ambayo asili yake ni bakteria wa udongo. Unaona tumerudi kule kule, kuvu na bakteria wanamtoa bakteria, lakini kwa dozi na kwa siku zinazohesabika.

Na kama anataka bakteria wazuri, mtindi upo. Mtindi usio na sukari, kikombe kimoja, ni chakula kizuri kwake. Hapo Mwanza mwaka 2004 watafiti wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na chuo kikuu cha Western cha Kanada walikaa na kikundi cha akina mama wakaanza kugandisha mtindi kwa bakteria aliyechaguliwa maabara, na Uganda kuna mradi wa Yoba, kipakiti cha gramu moja cha chachu kinatosha mpaka lita mia za maziwa, wafugaji wadogo wanachemsha maziwa kwenye sufuria kubwa, wanayapooza, wanaweka kile kipakiti, kesho yake wanauza. Huo ndo utafiti ninaoupenda, umetoka maabara umefika kwenye kibuyu na hela imebaki kwa akina mama. Ukigandisha nyumbani chemsha maziwa kwanza kila mara, maziwa mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa brusela na wa TB ya ng'ombe na mtindi hauwaui wote.

Sasa wewe na wateja wako. Waambie ukweli, huo uyoga ni chakula kizuri mno kwa mwenye sukari na presha, sehemu kubwa maji, wanga kidogo, nyuzinyuzi zipo, protini ipo, na ukiukaanga na kitunguu na nyanya kwa mafuta kijiko kimoja unapunguza nyama nyekundu mezani bila mtu kulalamika. Kuna kitu kimoja cha kisayansi ambacho unaweza kukifanya leo bila gharama. Uyoga una ergosteroli, ikipigwa na jua inageuka vitamini D, hata kama uyoga umeshavunwa. Ukate vipande, utandaze kwenye ungo upande wenye yale matamvua uangalie juu, uuanike jua la saa sita kama lisaa hivi kabla ya kupika, au uukaushe kabisa uuze mkavu. Wateja wazee wanaoshinda ndani wanaihitaji hiyo. Wapike uive, mbichi wasile. Na mtu akikuletea uyoga wa porini umuuzie, kama hauujui kwa uhakika ukatae, maana ile ya sumu inayoua ini kuipika hakuondoi sumu, na mtu anaanza kutapika saa sita mpaka kumi na mbili baadaye au hata zaidi, wakati sumu imeshafika ini.

Na afya yako pia. Mamama ukiachwa ukatanuka kofia ikalala unatoa vumbi jeupe, zile ni mbegu zake, ukizivuta kila siku kwenye banda lililofungwa kifua kinaweza kuanza kubana na ukapata homa za jioni kama malaria ambazo kipimo hakizioni. Vuna kofia ikiwa bado imejikunja kidogo pembeni, vaa barakoa, acha dirisha wazi. Mfuko wenye ukungu wa kijani utoe nje ya banda siku hiyo hiyo kabla haujawapa wenzake.

Kuhusu mama, usigombane naye wala usimtukane huyo rafiki yake, akiona unamdharau mtu wake wa maombi ataficha pakiti ataendelea kimyakimya. Kaa naye, mwonyeshe hiyo ya hamira kwenye kikombe, halafu mwombe mkubaliane wiki mbili: sindano zote kama alivyoandikiwa, kahawa ipumzike, na daftari dogo la kuandika sukari asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya kula. Siku ya kliniki aende na daftari, na pakiti, na vidonge vile vya bakteria, vyote kwenye mfuko mmoja, amwonyeshe daktari wake bila aibu, na aulizie kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Inawezekana kabisa sindano zenyewe zinamchosha au zinamuuma au hela ya vichupa inamsumbua ndo maana akakimbilia kikombe, muulize hilo taratibu, kuna namna ya kubadilisha sehemu za kuchoma na hata kupanga upya dozi, daktari wake atamsikiliza.

Ukimpata kwenye simu niandikie sukari yake ya leo imesoma ngapi.